Benchi la Wachelewaji

Tata Barnabé Ngoy alikuwa na mvi, wajukuu, na sifa ya kuendesha mashine kubwa kuliko nyumba katika machimbo ya shaba, na bado karibu kila jioni aliadhibiwa shuleni kwa kuchelewa.

Adhabu yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya wanafunzi. Padri wa kwanza wa parokia ile ya Dilala, mjini Kolwezi, alikuta wapishi, wachimbaji na wauza mboga wasioweza kusoma hata jina la mtakatifu wao, akawafungulia shule ya jioni ndani ya ghala la saruji. Viti hakuwa navyo. Aliomba mataruma yaliyochakaa, yale magogo mazito yanayolala chini ya reli za treni, akayachonga mabenchi. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya. Jioni ya kwanza aliigonga, na watu wakaja mmoja mmoja, kwa raha zao, kama wanaokwenda kwenye matanga ya mtu wa mbali. Padri hakugomba. Alisema Bwana Yesu alibeba mti mzito kuliko huo, akawapa wawili wa mwisho benchi moja walizungushe kanisa huku wakisali Salamu Maria.

Padri yule alizikwa, wengine wakaja na kuondoka, sheria ikabaki. Wazee wa kanisa walibeba. Wakunga walibeba. Katekista mkuu aliyetumwa kukagua shule alibeba naye, akaandika taarifa nzuri sana ili asitumwe tena. Benchi liliwekwa kichwani, watu wawili chini yake. Miguu yake ilikuwa mbao pana, moja mbele na moja nyuma, zilizoshuka hadi kifuani, hivi kwamba aliyetangulia hakuona ila ardhi, na aliyefuata hakuona ila visigino vya aliyetangulia.

Mchelewaji mkuu alikuwa Tata Barnabé. Hakuwa mvivu. Aliondoka nyumbani mapema, amenawa, amechana nywele, kibao chake cha kuandikia kwapani. Ila hakuweza kumpita mtu bila kumsalimia, wala kumsalimia bila kumuulizia mke, watoto, wakwe, kuku na kidonda cha mwaka jana. Kwao kaskazini, upande wa Kabalo, ndivyo alivyolelewa: kumpita mtu kimya ni kumwambia kwamba umekwisha kumzika.

Mwenzake wa kudumu chini ya benchi alikuwa Mama Agnès, muuza nyanya mwembamba mwenye ulimi mkali. Yeye alicheleweshwa na mwanawe Kisimba, kijana mwenye ndevu kamili ambaye hakuweza kula bukari, ugali wa kwao, isipokuwa inatoka motoni. Jioni baada ya jioni wawili hao walizunguka kanisa, na kwenye pembe ya kwanza walikutana na nyumba ya mwalimu wao, Lukusa, ambapo mkewe, Mama Mbuyi, alitoka mlangoni kuwacheka.

"Jambo, Mama Mbuyi," Tata Barnabé aliita kutoka chini ya benchi. "Mulishinda muzuri?"

"Muzuri, Tata. Na leo tena?"

"Na leo tena. Falonne, ule mudogo, je? Kikohozi kilipunguka?"

"Kilipunguka."

"Na ule mukubwa? Na ule mwenye kupenda miwa?"

"Tata Barnabé," Mama Agnès alisema nyuma yake, "shingo yangu inaingia mu kifua. Tutembee."

"Ngoja kwanza. Bado siyauliza habari ya batoto bote."

Tata Barnabé alikuwa na sababu ya kuyavumilia haya. Kwa miaka mingi alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo kanisani kama wengine, akiimba kwa moyo wote, hadi Jumapili moja mkewe Mama Godelieve, aliyemtangulia shuleni, alipokigeuza kitabu mikononi mwake bila kusema neno. Kilikuwa kichwa chini. Kwaya nzima iliona. Tangu siku ile Tata Barnabé alimwomba Mungu jambo moja tu: asome somo mbele ya watu wote, kitabu kikiwa wima. Padri Polycarpe, paroko, alimwahidi kwamba akiweza kusoma ukurasa wa Pentekoste bila kukwama, atausoma yeye.

Basi akawa anaomba usiku na mchana, na kwa sauti. Mashine zilikuwa zimemla masikio, na kile alichokiita kunong'ona wengine walikiita kupiga kelele. Majirani walizijua dhambi zake zote, na baadhi yao walikuwa wakimkumbusha alizosahau.

*

Mwaka huo mgodi ulikuwa umelala. Mashine zilisimama, mshahara ukawa hadithi ya wazee, na watu wakubwa kwenye mikutano wakapata wa kulaumiwa: wenye asili ya mkoa wa Kasai, warudi kwao. Vijana waliokuwa hawana kazi wakapata kazi ya kuwafukuza. Nyumba zilivamiwa, milango ikang'olewa, na waliokimbia wakajazana kwenye stesheni, ambako askari waliwalinda, wakingoja treni ya kuwachukua.

Mwalimu Lukusa alikuwa mmoja wa hao wa Kasai, ingawa yeye mwenyewe hakuelewa vizuri. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye alizaliwa Dilala, na Kasai hakuwahi kuiona hata katika ndoto.

"Banasema nirudi fasi nilitoka," aliwaambia wanafunzi wake. "Mi nilitoka pale ku maternité, fasi mama alinizalia. Nilipita asubui, sista anasema nafasi hakuna."

Hawakujua kama wacheke. Walicheka, kisha wakainamia vibao vyao.

Masista walimchukua Mama Mbuyi na watoto kwa gari lao asubuhi moja na kuwafikisha stesheni. Lukusa alisema atafuata kwa miguu; amebakiza kusahihisha imla ya jana tu. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Mtu yule hakuweza kuliacha kosa likae peke yake. Alipomaliza imla ya mwisho, ambayo ilikuwa ya Tata Barnabé na ilihitaji huruma nyingi, vijana walikuwa wamekwisha kufunga barabara ya stesheni kwa mapipa na kitanda cha chuma. Mkubwa wao alikuwa Kisimba, mwana wa Mama Agnès.

Jioni hiyo darasa halikusoma. Walikaa wakimtazama mwalimu wao aliyejificha nyuma ya ubao, miguu yake ikionekana.

"Nitaenda kusema na Kisimba," alisema Mama Agnès.

"Atakusikia?" aliuliza Mama Godelieve.

"Hapana. Lakini nitasema."

Tata Barnabé ndiye aliyetazama mabenchi. Hakuwa mtu wa mawazo mengi. Lakini benchi alilijua, ndani na nje, kama konokono anavyojua nyumba yake.

"Mutu mwenye kubeba benchi," alisema polepole, "hakuna mwenye kumuangaliaka sura. Bote banaangalia benchi na banacheka. Mi najua."

Walimvua mwalimu miwani. Wakamfunga kitenge cha Mama Godelieve kiunoni na kingine kichwani hadi kwenye pua. Alikuwa mwembamba, na Mama Agnès alisema anapendeza kuliko alivyokuwa. Kisha darasa zima likajihukumu kuwa limechelewa, likabeba mabenchi yote, likatoka mlangoni likisali Salamu Maria. Mama Agnès na Mama Godelieve walitangulia. Mwalimu na Tata Barnabé walifuata katikati, mwalimu mbele, kwa kuwa bila miwani alihitaji mtu wa kumsukuma.

*

Vijana waliwasikia kabla ya kuwaona, na walipowaona walianguka kwa kicheko.

"Muone. Masomo ya bankambo, bazee ya mvi."

"Leo balichelewa bote. Hata malaika wao alichelewa."

Kisimba naye alicheka, mpaka alipotambua viatu vya plastiki chini ya benchi la kwanza.

"Mama," alisema chinichini. "Na leo tena?"

"Na leo tena. Juu ya nani? Bukari yako ilikawia kuiva. Sema pale mbele ya barafiki yako: nani hawezi kula bukari yenye kupoa?"

"Mama, basi."

"Tangu mutoto. Inapoa kidogo, analia."

"Mama."

Kijana mmoja alilazimika kukaa juu ya pipa kwa kucheka. Kisimba aliona kwamba heshima yake inavuja, akatafuta pa kuiziba. Macho yake yakamwangukia Tata Barnabé, ambaye hata chini ya benchi alijulikana kwa tumbo lake.

"Na hii masomo yenu munajifunza nini, batu bazima? Tata Barnabé, sema. Sita mara saba ni ngapi?"

Tata Barnabé alilijua jibu. Alilijua jana, na alikuwa nalo hata walipopita sokoni.

"Arobaini na nane," alisema.

Mbele yake visigino vya mwalimu vilishtuka. Benchi likaanza kutikisika juu ya vichwa vyao. Tata Barnabé alielewa, akamwomba Mungu kimoyomoyo amfumbe mwalimu mdomo, namna ya kuomba ambayo hakuwa ameizoea, na labda ndiyo maana ombi halikufika.

"Na mbili," ilisema sauti nene kutoka ndani ya kitenge. "Arobaini na mbili."

Kicheko kilikatika.

"Ni nani alisema?" Kisimba alisogea. "Ule mama eko na sauti ya mwanaume." Alinyoosha mkono kukifunua kile kitenge.

"Usimuguse," alisema Tata Barnabé. "Ni mama mukwe wangu."

Hapo vijana wakarudi nyuma kwa namna ambayo hata askari wasingeweza kuwarudisha. Kwao mkwe si mtu wa kutazamwa. Mwanaume akimwona mama mkwe anakuja njiani, huingia majanini mpaka apite. Hali naye sahani moja, hakai naye mkeka mmoja, na jina lake halitamki. Na hapa alisimama baba mzima, mkristo, amejitia na mama mkwe wake chini ya ubao mmoja, akimsukuma barabarani mbele ya watu.

Kijana wa kwenye pipa aligeuza uso. Mwingine alijifunika macho kwa kofia. Kisimba alivuta mkono wake kama aliyeungua.

"Unabeba benchi moja na mama mukwe wako?" aliuliza, akitazama mbinguni.

"Bibi yangu, Godelieve, njo alinituma."

"Mama yangu anataka kusoma," Mama Godelieve alisema kwa huzuni. "Eko na mafua tena. Tungefanya namna gani?"

Mama yake Godelieve alikuwa amekufa zamani, Mungu amrehemu, na jioni ile alifanya kazi kubwa kuliko wengi walio hai.

"Mupite," alisema Kisimba, bado akitazama juu. "Mupite mbio. Hii ni laana, mi sitaki kuona."

Vijana wenyewe walisogeza kitanda cha chuma.

*

Stesheni ilikuwa imejaa hadi kwenye reli. Watu walilala chini ya shuka zilizofungwa kwa kamba, walipikia kwenye mabati, waliozwa, walizaa. Kila siku walisema treni inafika kesho, na kila kesho ilikuja bila treni.

"Kama ile treni ingekuwa mwanafunzi," Tata Barnabé alimwambia mwalimu, "ingebeba kanisa lenyewe."

Mabenchi yalibaki pale, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu za kuyarudisha, na kwa kuwa wazee waliokuwa wanakaa kwenye udongo waliyahitaji. Lakini kila siku kabla ya jua kushuka, wanafunzi wa Dilala walifika, wazee wakasogea kidogo, na shule ikaendelea. Lukusa aliandika kwa mkaa kwenye ubavu wa behewa lililokufa. Waliokuwa wanangoja treni nao wakaja kusikiliza, wengine kwa njaa ya elimu na wengine kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Tata Barnabé hakuwahi kusoma vizuri kama siku zile. Maneno ambayo zamani yalimkimbia kama kuku yalianza kusimama na kungoja ashike. Aliufungua ukurasa wa Pentekoste, akapita upepo, akapita ndimi za moto, akakaribia mahali pagumu, pale panapotajwa mataifa yote yaliyosikia habari njema, kila moja kwa lugha yake. Majina yalikuwa kama mawe mdomoni. Lakini Pentekoste nayo ilikuwa inakaribia.

Kwa hiyo jioni moja alipiga magoti kando ya reli, akafumba macho, akanong'ona.

"Bwana," alinong'ona, na watu wa upande wa pili wa stesheni wakageuka. "Weye unajua nafsi yangu. Unaona namna gani nilifika karibu. Nakuomba kitu kimoja kidogo. Ile treni, uichelewesheko kidogo. Juma mbili, Bwana. Hata tatu."

Alisema Amina. Alipofumbua macho, stesheni nzima ilikuwa imesimama.

"Ni huyu," alisema mzee mmoja mwenye blanketi. "Njo huyu anafungaka njia."

"Tunasali hapa na machozi, na yeye anaenda nyuma yetu kwa Mungu."

"Tangu lini unasali vile? Tangu lini? Mi nauza masufuria yangu yote hapa, na ni juu yako."

Mwanamke mmoja alimrushia ganda la ndizi. Askari alikuja kuuliza kuna nini, akaambiwa, akatikisa kichwa na kusema hilo si la jeshi, ni la Kanisa. Mama Godelieve alijifunika uso. Mwalimu Lukusa alisafisha miwani ambayo ilikuwa safi.

Mama Mbuyi ndiye aliyemjia. Alikuwa na Falonne mgongoni. Kikohozi cha mtoto kilikuwa kimerudi; kilikuwa kikavu sasa, na baridi ya mwezi wa tano ilikuwa inashuka kila siku mapema zaidi.

"Tata Barnabé," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza zaidi. "Kila siku uliniuliza habari ya mutoto huyu. Chini ya benchi, na uzito juu ya kichwa, uliniuliza. Sasa uniulize tena."

Tata Barnabé aliinamisha sikio. Alimsikia mtoto akikohoa, yeye asiyesikia vizuri.

Alipiga magoti tena pale pale, juu ya ganda la ndizi.

"Bwana," alisema, na safari hii hakujaribu kunong'ona. "Ile nilisema, uiache. Ilete treni. Ilete kesho. Ile kitabu nitafanya nayo nitakavyofanya. Na kama ulikwisha kunisikia ile ya kwanza, unisamehe, uifute."

"Amina," ilijibu stesheni nzima, kwa nguvu iliyowashtua kunguru.

*

Treni haikuja kesho yake. Mungu naye ana mwendo wake. Ilikuja asubuhi nyingine, bila kutangaza, na Mama Godelieve aliyekuwa amekwenda kuwapelekea kina Mama Mbuyi uji akatuma neno nyumbani: wanapanda.

Tata Barnabé alichukua koti lake zito la kazini, lile la zamu za baridi, la kumfunika Falonne. Alitoka mbio, akiwa ameapa kutomsalimia mtu. Aliwapita wauza mkaa kimya. Wakaulizana amefiwa na nani. Alimpita fundi wa baiskeli. Fundi akaacha gurudumu likaviringika peke yake. Alikuwa amefika karibu na soko la Manika alipomwona bibi kizee mmoja, mjane, ameketi mbele ya nyumba yake. Kulia kwake palikuwa na nyumba isiyo na mlango. Kushoto, nyumba isiyo na mlango wala paa. Ng'ambo ya barabara, vivyo hivyo.

"Barnabé," alisema yule bibi. "Na weye unanipita?"

Alisimama. Alimuulizia usingizi, mgongo, kuku, mwana aliye Likasi na mwana aliye kaburini. Bibi alijibu yote, taratibu, kama anayekunywa maji.

Alipofika stesheni, treni ilikuwa inatembea. Alikimbia kando yake na tumbo lake lote, akatafuta dirisha baada ya dirisha, akalitupa koti ndani ya mikono iliyonyooshwa. Aliona kitenge cha Mama Mbuyi, akaona koti linashikwa. Mwalimu Lukusa alikuwa amening'inia mlangoni mwa behewa, akipiga kelele jambo. Tata Barnabé hakusikia hata neno. Aliona tu kidole cha mwalimu kikielekeza nyuma yake, kwa ukali ule ule wa kila jioni.

Aligeuka. Wanafunzi walikuwa wamebeba mabenchi kuyarudisha parokiani. Moja lilikuwa limebaki, katikati ya uwanja mtupu, likimngoja.

Mama Godelieve hakuwahi kuchelewa hata siku moja maishani mwake. Alishika upande wa nyuma bila kuulizwa. Walipita mjini hivyo, kisha wakalizunguka kanisa, kwa kuwa sheria ni sheria. Kwenye pembe ya kwanza nyumba ya mwalimu haikuwa na mlango tena. Tata Barnabé alipunguza mwendo, akavuta pumzi ya kusalimia, na salamu haikutoka. Alipita kimya.

*

Siku ya Pentekoste alipanda kwenye mimbari amevaa suti ya harusi yake, iliyokuwa imekataa kufunga kifungo. Kitabu kilikuwa wima. Kwaya nzima ilinyoosha shingo kuhakikisha.

Alisoma. Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Ilitoka hadi barabarani. Alisoma upepo, akasoma moto, na Mama Godelieve kwenye benchi la mbele aliyatamka maneno yote pamoja naye bila sauti. Halafu akafika penye mataifa. Akasoma Waparthi, taifa la kwanza. Akawatazama waliofuata kwenye ukurasa, nao wakamtazama. Hapo ndipo masomo yake yalipoishia, siku treni ilipokuja.

Kanisa lilingoja. Padri Polycarpe alisogea kidogo kwenye kiti chake. Mwimbaji wa sauti ya tatu kwenye kwaya alikwisha kuziba mdomo kwa mkono.

"Waluba wa kaskazini," alisema Tata Barnabé, akitazama kitabu kwa makini. "Walunda. Wabemba. Wasanga. Wandembo wa huku kwetu Kolwezi." Alifuata mstari kwa kidole, kama alivyofundishwa. "Na wa Kasai, wote. Lukusa na Mbuyi, mke wake. Falonne. Mkubwa wao, na yule anayependa miwa. Wale wa nyumba ya karibu na soko, na wa kushoto, na wa ng'ambo." Akaendelea, mtaa kwa mtaa, akitaja kila nyumba ambayo alikuwa amechelewa kwa ajili yake miaka yote hiyo, na alizijua zote. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyecheka. Mahali fulani katikati, mlango wa nyuma ulifunguliwa na Kisimba akaingia, kwa kuwa mama yake alikuwa ametangaza kwamba siku hizi bukari ni ya baridi, na hiyo ya baridi yenyewe ni ya waliotoka misa. Alisimama ukutani na kusikiliza majina hadi mwisho.

"Wote walisikia," alimaliza Tata Barnabé, akakifunga kitabu.

Baada ya misa Padri Polycarpe alimkuta mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na alijitahidi kukunja uso.

"Tata Barnabé, yale majina hayako mu kitabu."

"Najua, Padri."

"Na misa ilichelewa."

"Najua." Alikuwa amekwisha kulitazama benchi lililokuwa ukutani. Akainama kulishika upande wa mbele.

"Na weye?" Mama Agnès alikuwa amemdaka mwanawe ngazini, kwa sikio, pamoja na ndevu zake zote. "Weye ulifika wapi? Ku somo au ku mwisho wa somo?"

"Mama, batu banaangalia."

"Baangalie. Kamata kule nyuma."

Kisimba aliwatafuta rafiki zake kwa macho. Hawakuwepo, au walikuwepo na wamejificha. Aliingiza kichwa chini ya benchi. Taruma lilimshukia shingoni kwa uzito wa miaka yake yote, akaguna. Hakuona kitu mbele yake ila visigino vya Tata Barnabé, vilivyopasuka kama udongo wa machimbo, vikianza kutembea.

Kwenye pembe ya kwanza visigino vilisimama.

"Jambo, Mama Mbuyi," Tata Barnabé aliita, kwa sauti kubwa, kuelekea nyumba isiyo na mlango. "Mulishinda muzuri?"

Upepo ulipita ndani ya nyumba ukatoka dirishani. Tata Barnabé aliuacha umalize, kama mtu anayesikiliza jibu.

"Na mwalimu? Alifika muzuri?"

Nyuma yake Kisimba alisogeza mguu mmoja, kisha mwingine. Jasho lilikuwa linamshuka ndevuni.

"Tata," alisema. "Tutembee. Hakuna mutu mule."

"Ngoja kwanza," alisema Tata Barnabé. "Bado siyauliza habari ya batoto."